Parrain wa Josias

Hapa Bunia mtu anayetafuta kazi huulizwa swali moja kabla hata ya kuulizwa amesoma nini: "Kule ndani uko na nani?" Mimi Monique nimelisikia swali hilo mpaka masikio yamechoka. Kibanda changu cha fotokopi kiko Mbunya, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye ofisi ya ONG moja, shirika la misaada ya maji, na kwenye ukuta wa ofisi hiyo kuna ubao wa matangazo ya kazi. Sisi tunauita valve. Kila asubuhi vijana wanajazana mbele ya valve, wanasoma, wanasonya, kisha wanavuka barabara kuja kwangu kutoa nakala za diploma. Wakishatoa hawaondoki. Wanaegemea meza yangu na kuulizana nani anamjua nani.

Mimi si mtu wa upole. Anayeniegemea sana namwambia akaegemee kwa mama yake. Lakini Josias Kambasu nilimvumilia tangu mwanzo, kwa sababu ni yeye peke yake aliyekuwa akifika anasalimia kwanza, anauliza habari za mgongo wangu, halafu ndipo anatoa karatasi zake. Aliniita Ya Monique, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa.

Josias aliletwa Bunia kutoka Butembo akiwa mdogo, na mjomba wake anayeuza mabati. Alisoma hapa hapa, akapata graduat ya gestion, ile diploma ya uendeshaji wa biashara, na baada ya hapo akaanza kusimama mbele ya valve pamoja na wenzake. Mchana alishinda dukani kwa mjomba akipanga mabati. Mshahara hakuwa nao. Alikuwa na chakula, chumba kimoja uani, na maneno mengi ya mjomba. Alikuwa pia na mchumba, Rebecca, mwalimu wa shule ya msingi, binti mwembamba anayetembea upesi na kusema polepole.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na shida. Mjomba alikuwa anafungua duka la pili Butembo, na alikwisha kuamua kwamba wa kulisimamia ni Josias. "Mwaka ya masomo ikiisha, unaenda," alimwambia, na mjomba yule akisema amesema. Rebecca naye alikuwa amefundisha miaka bila mshahara wa serikali, wazazi wa wanafunzi wakimchangia kidogo kidogo kama wanavyochangiwa walimu wetu wengi, na ndiyo kwanza jina lake lilikuwa limetoka Kinshasa kwenye orodha ya mishahara. Akiiacha shule ya Bunia, anaanza upya. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi, na yalikuwa machungu: ama Josias apate kazi hapa kabla mwaka wa masomo haujaisha, ama awe na mke wa kwenye simu.

Aliyemwonyesha njia alikuwa Blanchard, rafiki yake wa pale kwenye valve, kijana mwenye mdomo mtamu na viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope.

"Unaoa karibu-karibu hivi, na hauna parrain," Blanchard alimwambia mbele ya meza yangu, bila hata kushusha sauti. "Usichukue mutu ya bure. Tafuta mwenye iko na kiti. Akisha kusimama na weye mbele ya padri, hatawezaka kukuacha inje. Utakuwa mutoto yake."

Kwa wasiotujua nieleze kidogo. Kwetu bwana na bibi harusi husimamiwa na mume na mke waliokwisha kukomaa katika ndoa, parrain na marraine. Wanakaa nao kanisani, wanawashauri, na siku maneno yakiwaka nyumbani ndio wanaoitwa hata kabla ya wazazi. Hiyo ndiyo kazi yao. Lakini tangu ONG zilipojaa mjini, watu wamegundua kwamba parrain anaweza kuwa pia mlango. Nimeona maharusi wasiojua kama parrain wao anapenda chai au kahawa, ila cheo chake wanakijua mpaka na jina la bosi wake. Nilimsikia Blanchard nikasonya, lakini moyoni nilisema kijana huyu si mjinga.

"Nani sasa?" Josias aliuliza.

Blanchard akanyoosha kidevu kuelekea ng'ambo ya barabara. "Papa Philippe."

Hapo nilicheka kwa sauti. Philippe Uvoya ni mtu wa Mahagi, mwenye mvi, chef logistique wa ile ONG ya maji. Magari, mapipa, mabomba na stoo vyote viko chini yake. Mchana hutoka getini kununua hindi la kuchoma, analila amesimama, anarudi kazini. Mji mzima unamjua kwa jambo moja: hapitishi mtu mlango wa nyuma, na yeye mwenyewe hajapata kumwomba mtu kitu. Hata kalamu hakuwahi kuniazima. Akija kutoa nakala na kalamu yake imekwisha wino, anavuka barabara kurudi ofisini kuchukua nyingine. Maharusi wengi walikwisha kumwendea na soda na maneno matamu, naye aliwarudisha wote kwa adabu. Nilimwambia Josias asiende kujitafutia aibu.

Alikwenda. Alikwenda Jumapili moja baada ya misa, yeye, mjomba na Rebecca. Philippe aliwasikiliza mpaka mwisho, huku mkewe Berthe akimenya viazi karibu nao. Kisha, badala ya kumuuliza Josias amesoma wapi na anafanya nini, alimgeukia Rebecca.

"Huyu kijana akikasirika, anafanyaka nini?"

"Ananyamaza, papa," Rebecca alisema. "Hata siku mbili anaweza kunyamaza. Njo mubaya yake."

Berthe akaacha viazi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akimnyooshea mumewe kidole, na Philippe naye akatabasamu kwa aibu akiangalia chini. Hawakueleza kilichowachekesha. Lakini walikubali, na Josias aliponiletea habari hiyo nilikaa mdomo wazi.

Ndoa ilifungwa kabla ya Kwaresima. Ilikuwa ndoa ya watu wa kawaida: turubai uani kwa mjomba, sombe ya majani ya muhogo, wali, samaki wa Kasenyi, na muziki uliokatika mara kwa mara kwa sababu ya groupe bovu la umeme. Philippe alikaa wima kwenye kiti cha parrain kama mtu anayelinda stoo. Blanchard alicheza mpaka akanifikia, akaniinamia sikioni. "Ya Monique, sasa Josias iko ndani," alisema. Nami, kwa nini niseme uongo, nilifurahi.

Blanchard hakuishia hapo. Alimfundisha Josias namna ya kusema. "Usimuite parrain. Sema papa. Neno papa inaingiaka." Josias akaanza kusema papa. Mwanzoni, alinieleza, neno lilimwia zito, maana baba yake mzazi alikufa yeye Josias bado hajajua kusoma, na hakuwa amelitamka kwa mtu mwingine. Lakini alilitamka. Papa, hamujambo. Papa, mulilala muzuri. Alilitamka kama mtu anayegonga mlango.

Na mlango haukufunguliwa. Kila Jumapili Philippe na Berthe walikuja kwenye kile chumba cha uani, wakakaa, wakala walichokikuta. Philippe alizungumza juu ya maharagwe, namna ya kuyapanda yasiozeshwe na mvua. Alizungumza juu ya Mahagi. Aliona bati linavuja, Jumapili iliyofuata akaja na nyundo yake na misumari yake, akapanda mwenyewe juu. Juu ya kazi hakusema neno. Josias alikuwa akija kwangu Jumatatu nami namuuliza, "Amesema?" naye anatikisa kichwa. Mimi roho ilinipanda. Mtu anasimamia ndoa ya kijana asiye na kazi, ana stoo nzima mikononi mwake, halafu anaongea maharagwe!

"Basi weye umuambie," nilimkaripia Josias.

"Nitamuambia, ya Monique. Yuma inakuya," alisema, maana yake Jumapili ijayo. Jumapili ikaja ikapita.

Kisha ikaja ile wiki mbaya. Mjomba alianza kutaja tarehe ya kupakia lori la Butembo. Josias, kama kawaida yake, akanyamaza. Rebecca aliuliza watafanya nini, hakujibiwa. Aliuliza tena. Siku ya tatu alifunga nguo zake kwenye kitenge na kurudi kwa wazazi wake Mudzi Pela, bila kelele, akaenda shule kutokea huko. Josias hakumwita mtu. Ni mke wa mjomba aliyempigia Berthe.

Walifika siku hiyo hiyo, wamelowa, kwa moto mbili, zile pikipiki za kukodi. Berthe alikwenda moja kwa moja Mudzi Pela. Philippe aliingia chumbani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda karibu na Josias. Halafu akasema.

"Miye pia nilinyamaziaka Berthe. Mwezi muzima. Mutoto yetu wa kwanza alizaliwa mu ile mwezi. Mama yake alinionyesha ye, na miye sikufungua kinywa." Alijifuta maji usoni. "Ule mutoto iko mukubwa leo. Ile siku hairudiake. Sitaki weye upite kule nilipita. Simama, tuende."

Walikwenda. Nyumbani kwa wazazi wa Rebecca, Philippe alikataa kiti cha wageni, akakaa kwenye kigoda cha jikoni, chini ya kila mtu, na kumwambia baba mkwe: "Makosa ni ya siye. Siye njo tulisimama na huyu mutoto, hatukumufundisha vizuri. Mutusamehe." Baba mkwe, aliyekuwa amejiandaa kufoka, alimwita binti yake. Rebecca alirudi nyumbani pamoja na mumewe, Berthe akitembea katikati yao ameshika mikono ya wote wawili.

Tangu siku hiyo Josias alibadilika, na mimi nilikuwa wa kwanza kuona, maana ni mimi aliyenisumbua. Jumatatu alikuja akanisimulia kigoda kile mara mbili. "Ya Monique, mutu muzima vile, na mvi yote ile, aliomba musamaha juu yangu." Nikamuuliza kama amemwambia habari ya kazi. Aliniangalia kana kwamba nimetukana msibani.

"Siwezi tena. Nikimuambia sasa, atajua kama nilimuchukuaka juu ya ile."

"Si ulimuchukua juu ya ile?"

"Njo maana siwezi."

Nilimwambia aniondokee mezani.

Baada ya Pasaka kukabandikwa tangazo kwenye valve, na kwa mara ya kwanza nilivuka barabara mwenyewe kwenda kulisoma. ONG ya maji ilitafuta assistant logistique, mtu mmoja, kituo Bunia. Nilirudi na kumpigia Josias kabla hata sijakaa. Alileta karatasi zake, nikamtolea nakala safi kuliko zote, na Blanchard naye akaleta zake siku hiyo hiyo, maana njaa haina rafiki wa kumwachia zamu. Josias hakumwambia Philippe kwamba ameomba. Jumapili zile wakaongea maharagwe kama kawaida.

Mtihani wa kuandika ulisahihishwa bila majina, kwa namba tu. Josias alitoka wa kwanza, Blanchard wa pili. Majibu yalipobandikwa vijana walimbeba Josias juu juu mbele ya kibanda changu, nami niliwafokea kwa ajili ya mashine yangu, lakini nilikuwa nacheka. Ilibaki interview. Mwaka wa masomo ulikuwa ukingoni.

Yaliyotokea ndani ya chumba kile alinisimulia Josias mwenyewe, na baadaye muhasibu wa ONG, ambaye alikuwa kwenye jury, alinisimulia hivyo hivyo akitoa nakala zake. Kwa hiyo sitii chumvi.

Jury walikuwa watatu: huyo muhasibu, bibi wa ressources humaines, mambo ya wafanyakazi, aliyetumwa kutoka Kinshasa, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza, na Philippe, kwa kuwa mtu atakayechukuliwa atakuwa chini yake. Josias aliingia, akasalimia. Philippe aliinua macho, na kalamu ikamtoka mkononi. Hakuwa anajua.

Yule bibi alianza kwa Kifaransa, kama utaratibu ulivyo. Aliuliza kama yupo katika jury mwenye undugu na huyu mwombaji, kwa sababu sheria ya ONG yao haimruhusu mtu kufanya kazi chini ya ndugu yake.

Philippe aliokota kalamu. "Nilisimamia ndoa yake," alisema. "Mimi ni parrain wake."

Bibi akafikiri. Alisema sheria inataja baba, mama, mtoto, mke, kaka, dada, mashemeji. Parrain haitajwi. Muhasibu akadakia kwamba huyu ni wa Mahagi na yule ni wa Butembo, hata kabila si moja, undugu utatoka wapi? Tuendelee, alisema, watu wanasubiri nje. Lakini bibi alikuwa mtu wa kuuliza mambo mpaka chini. Alimgeukia Philippe: kwenu huku, parrain ni familia au si familia?

Philippe aliiweka kalamu mezani. Unajua ni mtu wa namna gani. Kisha akasema: "Mumuulize yeye. Atakavyosema, nitakubali."

Bibi akamwuliza Josias. Na alimwuliza kwa wema, Josias anasema, alikwisha kupenda karatasi zake, na swali alilipanga hivi ili liwe jepesi kulijibu: "Bwana huyu ni mtu aliyesimama kwenye ndoa yako, basi, sivyo?"

Neno moja tu lilitakiwa. Oui, ndiyo. Kazi ilikuwa pale mezani: Rebecca na shule yake, chumba chao, lori la mjomba kuondoka bila yeye. Josias alimwangalia Philippe. Na Philippe, mtu ambaye mji mzima haujawahi kumsikia akisema uongo, alikuwa akimwangalia kutoka nyuma ya meza na kutikisa kichwa polepole, kidogo sana, wengine wasione. Kataa, mwanangu. Alikuwa anamwambia amkane, apate kazi.

"Ya Monique," Josias aliniambia, "kama asingetikisa kichwa, pengine ningesema oui."

Alijibu kwa Kiswahili, ingawa kila kitu kilikuwa kimesemwa kwa Kifaransa. "Hapana, madame. Huyu njo papa yangu."

Bibi alimtazama muhasibu, muhasibu akamtafsiria bila kumwangalia mtu. Bibi alifunga faili. Alisema anasikitika, na Josias anaamini kwamba alisikitika kweli. Philippe alikuwa ameinamisha uso juu ya meza na hakuuinua mpaka Josias alipotoka.

Alivuka barabara akaja kwangu. Nilipoelewa kilichotokea nilimfokea mbele ya wateja. Nilimwita mpumbavu. Nilimwambia hata mtakatifu angesema oui siku hiyo na kwenda kutubu Jumamosi. Alisimama pale akinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia, kisha akanitakia mchana mwema na kwenda kumngoja Rebecca kwenye lango la shule. Nilimwangalia akienda, na hasira yangu ikageuka kuwa kitu kingine, nikafunga kibanda mapema.

Rebecca alimsikiliza wakitembea. Hakumlaumu. "Tutaonana likizo," alisema tu, na walipofika nyumbani alianza kupanga mashati yake kwenye sanduku la Butembo, moja moja, akilia bila sauti. Kazi ilipewa Blanchard, ambaye hakuwa na mtu yeyote ndani. Alikuja kunionyesha beji yake, kisha akairudisha mfukoni upesi.

Jumapili iliyofuata Philippe hakuja. Josias na Rebecca walipika, wakangoja, chakula kikapoa. Berthe hakupiga simu. Josias alidhani amemchukiza, kwamba amemwaibisha mbele ya wakubwa wake, na hilo, aliniambia, lilimuuma kuliko kazi yenyewe. Mjomba alikuwa amebakiza siku chache kupakia lori.

Asubuhi moja katikati ya wiki moto ikasimama uani. Philippe alishuka, amevaa shati jeupe. Hakuwa amekwenda kazini. Aliomba ruhusa, jambo ambalo watu wa ofisi yake walilizungumza wiki nzima.

"Vaa viatu," alimwambia Josias. "Tunaenda Iga."

Walipanda moto moja, wawili na dereva, mpaka Iga Barrière, nje ya Bunia, vumbi lote la barabara likiwapanda. Njiani Philippe hakusema wanakwenda kwa nani. Walisimama mbele ya depo kubwa la saruji na vyakula, la mfanyabiashara aitwaye Caleb. Josias akarudi nyuma hatua moja, maana habari ya Caleb na Philippe kila mtu wa Mbunya anaijua. Miaka ya nyuma Caleb alimleta mdogo wake pale kwenye ONG kutafutiwa nafasi, akaleta na mbuzi. Philippe aliwarudisha wote watatu mbele ya watu, na akamweleza Caleb, kwa sauti ya mwalimu, kwamba kazi haiombwi kwa kujuana. Caleb alikuwa amesema siku ile kwamba na yeye ana mlango wake.

Caleb alikuwa amesimama kwenye lango la depo, akiangalia watu wake wakishusha mifuko. Alimwona Philippe, akamtambua, na kwa muda alijifanya hajamwona. Wateja walikuwa wengi. Philippe alisimama juani, mikono mbele, akangoja. Josias alitaka kumvuta shati amwambie waondoke. Alimsogelea kabisa.

"Papa, tuache. Turudi."

"Nyamaza," Philippe alisema. "Leo njo nafasi ya kunyamaza."

Mwishowe Caleb aliwageukia. "Philippe. Weye njo unakuya kwangu? Umepoteza njia?"

"Sikupoteza. Nimekuya kukuomba."

Watu waliokuwa wakishusha mifuko walipunguza mwendo ili wasikie.

"Kuomba nini? Si ulinifundishaka kama kazi haiombwake na kujuana?"

"Nilikufundishaka vile," Philippe alisema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Huyu ni mutoto yangu. Anaitwa Josias. Alipataka kazi, akaiacha juu ya kusema kweli juu yangu. Iko na akili, anajua stoo, na bibi yake iko mwalimu Bunia, hawawezi kuachana. Sina kitu ya kukupa. Nakuomba, Caleb."

Caleb alimwangalia yule mzee, kisha Josias, kisha mzee tena. Josias anasema alikuwa na uso wa mtu aliyengojea siku hiyo miaka mingi, na sasa imefika hajui aifanyie nini. Alimwita mmoja wa watu wake amalizie kushusha. Akajikuna shingo.

"Mutoto aanze lundi," alisema, yaani Jumatatu. "Jioni atapanda moto, atarudi kwa bibi yake. Na weye, muzee, ingia ukae. Batakuletea chai."

Philippe alishukuru, lakini hakukaa mara moja. Aliuliza kwanza kama kuna mahali pa kunawa uso, na alikaa huko nyuma ya depo muda mrefu mpaka chai ikaanza kupoa. Vumbi la barabara ile ni jingi, Josias anasema. Mimi sikumbishia.